Kijana Anapowachagua Watani wa Jadi: Historia ya Usajili na Hasira za Mashabiki katika Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Futiboli ya Kimarekani haina timu za vijana zinazolelewa na klabu za kulipwa. Mchezaji huanzia shule ya sekondari, hupitia chuo kikuu, na hapo ndipo hutafuta nafasi katika ligi ya kulipwa ya NFL. Kwa sababu hiyo, kila mwaka vyuo vikuu hugombea wahitimu bora wa sekondari, vijana wa miaka 17 au 18, na kijana mwenye kipaji kikubwa hubembelezwa na makocha wa vyuo vingi kwa wakati mmoja. Siku anapotaja chuo alichokichagua, upande mmoja hushangilia na pande nyingine hununa. Akichagua chuo cha watani wa jadi wa nyumbani kwao, mnuno huo hugeuka hasira, na mara nyingi neno linalofuata ni "msaliti".

Hasira hiyo haiwezi kueleweka bila kujua nafasi ya chuo katika maisha ya jimbo. Majimbo kadhaa yenye mapenzi makubwa ya mchezo huu hayana timu ya NFL. Alabama, kwa mfano, haina hata moja. Huko timu ya chuo ndiyo timu ya umma, na ushabiki hurithiwa kutoka kwa wazazi, hata katika familia ambazo hakuna aliyewahi kuingia darasani chuoni hapo. Mashabiki hao humwona mtoto mwenye kipaji aliyezaliwa jimboni kuwa ni wao. Wanaamini kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kwamba anayekwenda kucheza kwa jirani amewanyima haki yao. Historia ya usajili wa vyuo ni historia ya mvutano kati ya imani hiyo na uhuru wa kijana kuchagua.

Kutoka mchezo wa wanafunzi hadi barua ya usajili

Mchezo wa kwanza kati ya vyuo viwili, Rutgers na Princeton, ulichezwa New Brunswick, New Jersey, tarehe 6 Novemba 1869, na Rutgers ilishinda 6-4. Wakati huo wachezaji walikuwa wanafunzi wa kawaida waliokwisha kuandikishwa chuoni. Lakini kadiri viwanja vilivyojaa watazamaji, ndivyo vyuo vilivyoanza kwenda nje kutafuta wenye nguvu na mbio. Chama kilichokuja kuitwa NCAA kiliundwa mwaka 1906, hasa kwa sababu ya vifo na majeraha viwanjani, na suala la jinsi ya kuwapata wachezaji likawa mzigo wake kwa miongo iliyofuata.

Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti kubwa kuhusu michezo ya vyuo, ikaonyesha kwamba vyuo vingi vilikuwa vikiwasaka na kuwalipa wachezaji kwa njia za siri. Mwaka 1948 NCAA ilipitisha kanuni kali za kuzuia malipo hayo, lakini vyuo vilishindwa kukubaliana kuzisimamia, na mwaka 1951 zikafutwa. Mwaka 1956 chama hicho kiliruhusu ufadhili kamili wa masomo kwa misingi ya uwezo wa michezo. Tangu hapo kumsajili kijana lilikuwa jambo halali, na ushindani ukatoka gizani ukaja hadharani.

Tatizo lililobaki lilikuwa lini kijana ahesabike kuwa amesajiliwa. Kocha angeweza kudhani amempata mchezaji, kisha kocha mwingine akamfuata hadi siku ya kufungua chuo. Mwaka 1964 ulianzishwa mkataba uliojulikana kama Barua ya Taifa ya Kusudio. Kijana aliyeitia saini alifungwa na chuo hicho, na akienda kwingine alipoteza muda wa kucheza. Kwa kuwa wengi hawakuwa wametimiza umri, mzazi au mlezi naye alitakiwa kusaini. Baadaye Jumatano ya kwanza ya Februari ikawa ndiyo siku ya kusaini. Barua hiyo iliwapa makocha utulivu, na bila kukusudia ikawapa mashabiki tarehe. Sasa ilijulikana siku gani ya kusubiri, na siku gani ya kufurahi au kuumia.

Waliofungiwa mlango nyumbani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vyuo vikubwa vya kusini havikuwapokea wachezaji weusi. Kijana mweusi wa Texas au Alabama hakuweza kushutumiwa kwa kuukimbia mji wake, maana mji wake ndio uliomkataa. Wengi walijiunga na vyuo vya watu weusi vya kusini, na wengine walikwenda kaskazini. Bubba Smith, aliyekulia Beaumont, Texas, alikwenda Michigan State, na mwaka 1966 alikuwa nguzo ya timu iliyotoka sare ya 10-10 na Notre Dame katika mojawapo ya michezo mashuhuri zaidi ya zama hizo.

Mlango ulifunguka polepole. Jerry LeVias alichezea Southern Methodist ya Dallas kuanzia mwaka 1966, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli katika ligi ya vyuo vya kusini-magharibi. Alabama ilimsajili Wilbur Jackson kwa msimu wa 1970. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, timu ya Southern California ikiwa na Sam Cunningham ilikwenda Birmingham na kuifunga Alabama 42-21. Baada ya hapo vyuo vya kusini viligombea vijana weusi wa majimbo yao kwa nguvu zote, na mashabiki waliokuwa wakiwatazama vijana hao wakiondoka bila kujali wakaanza kudai kwamba ni wao. Ukweli huo unapaswa kukumbukwa kila neno "usaliti" linapotajwa: jamii ilidai uaminifu wa vijana ambao baba zao ilikuwa imewafungia nje.

Texas na Georgia: mji mzima kusubiri

Mwaka 1979 mchezaji aliyetafutwa sana Texas alikuwa Eric Dickerson, mkimbiaji wa mpira kutoka mji mdogo wa Sealy. Aliahidi kwa mdomo kwenda Texas A&M, na wakati huohuo alionekana akiendesha gari jipya la Pontiac Trans Am lenye rangi ya dhahabu. Kisha akasaini Southern Methodist. Kwa mashabiki wa A&M, gari hilo likawa alama ya kudhulumiwa; kwa mahasimu wao likawa kichekesho cha miaka mingi. Habari za nani hasa alilipia gari zilibishaniwa kwa miongo. Southern Methodist yenyewe iliishia pabaya: mwaka 1987 NCAA iliifutia msimu mzima kwa sababu ya malipo ya siri kwa wachezaji, na chuo hakikucheza tena hadi 1989. Kisa cha Texas kiliwafundisha mashabiki tabia ambayo haijawatoka, ya kushuku kwamba kila anayekwenda kwa mtani amenunuliwa.

Mwaka uliofuata macho yalihamia Georgia. Herschel Walker alikuwa mwanafunzi wa Wrightsville, mji mdogo wenye watu wachache mno kulinganisha na kelele alizoziibua. Georgia, Clemson na Southern California zilikuwa miongoni mwa waliobaki katika kinyang'anyiro, na kocha msaidizi wa Georgia, Mike Cavan, aliweka kambi mjini humo. Siku ya kusaini ya Februari ilifika ikapita, Walker akanyamaza. Wiki zikapita, na jimbo zima likaishi kwa tetesi. Hatimaye alisaini Georgia siku ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1980. Katika msimu wake wa kwanza Georgia ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 17-10, na mwaka 1982 Walker akapata Tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo. Mashabiki wa kila jimbo walijifunza hesabu hiyo: kijana mmoja anaweza kuwa ubingwa, na kwa hiyo kijana mmoja akienda kwa mtani anaweza kuwa ubingwa uliopotea.

Alabama: mruko wa Bo Jackson

Hakuna jimbo ambalo hesabu hiyo ilionekana wazi kuliko Alabama. Chuo Kikuu cha Alabama kiko Tuscaloosa, na Auburn iko upande wa mashariki wa jimbo, mwendo wa takriban kilomita 250. Timu hizo zilikutana mara ya kwanza mwaka 1893. Baada ya mchezo wa 1907 ziligombana na kukaa miaka 41 bila kucheza, hadi ziliporejea mwaka 1948 na Alabama ikashinda 55-0. Kuanzia 1973 hadi 1981 Alabama, chini ya kocha Bear Bryant, ilishinda mara tisa mfululizo.

Katika hali hiyo kijana wa Bessemer, karibu na Birmingham, alitarajiwa kwenda kwa wababe. Bo Jackson alichagua Auburn. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, upande wa Alabama ulimwambia kwamba angeweza kusubiri miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi, ilhali kocha Pat Dye wa Auburn alimhitaji mara moja. Tarehe 27 Novemba 1982, katika uwanja wa Legion Field, Auburn ilikuwa nyuma ya Alabama dakika za mwisho, mpira ukiwa hatua moja kutoka mstari wa goli. Jackson, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliruka juu ya rundo la walinzi akafunga, na Auburn ikashinda 23-22. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa Bryant dhidi ya Auburn. Alistaafu mwisho wa msimu na kufariki Januari 1983. Jackson alipata Heisman mwaka 1985. Kwa mashabiki wa Alabama, kila kijana wa nyumbani anayeelekea Auburn tangu siku ile hubeba hofu ya mruko ule.

Chuki ya pande hizo mbili imewahi kupita mipaka yote. Mwishoni mwa 2010 shabiki mmoja wa Alabama aliitilia sumu miti mikongwe ya Toomer's Corner, mahali ambapo watu wa Auburn hukusanyika kusherehekea ushindi. Alikiri kosa mahakamani, na miti hiyo ilikatwa Aprili 2013. Vijana wanaochagua kati ya vyuo hivi viwili huchagua wakijua wanaingia katika uhasama wa aina hiyo.

Wana wa Ohio waliovuka kwenda Michigan

Kaskazini, uhasama mkubwa ni kati ya Ohio State na Michigan. Kocha Woody Hayes wa Ohio State alikuwa hapendi hata kulitaja jina la Michigan. Lakini Ohio ina shule za sekondari zenye futiboli nzuri kuliko za jirani yake, na Michigan ilijua kuvua humo. Bo Schembechler, aliyezaliwa Barberton, Ohio, na aliyewahi kuwa msaidizi wa Hayes, alichukua timu ya Michigan mwaka 1969 na mwaka huohuo akaifunga Ohio State 24-12. Kwa misimu 21 ya kazi yake aliingia majumbani mwa vijana wa Ohio akiwa mtu wa kwao.

Matunda ya kazi hiyo yaliiumiza Ohio mara kwa mara. Desmond Howard, kijana wa Cleveland, alikwenda Michigan. Novemba 1991 aliupokea mpira uliopigwa na Ohio State, akakimbia nao yadi 93 hadi mstari wa goli, kisha akasimama kwa mkao wa sanamu ya Heisman. Michigan ilishinda 31-3, na tuzo hiyo akaipata kweli. Miaka sita baadaye ilikuwa zamu ya Charles Woodson wa Fremont, aliyekuwa ametajwa kuwa mchezaji bora wa sekondari wa Ohio. Tarehe 22 Novemba 1997 aliurudisha mpira yadi 78 na kufunga, akanyang'anya pasi ndani ya eneo la goli, na Michigan ikashinda 20-14. Alipata Heisman, akiwa mchezaji wa kwanza ambaye kazi yake kuu ni ulinzi kuipata, na timu yake ikagawana ubingwa wa taifa. Tuzo mbili za Heisman za Michigan katika miaka ya 1990 zilibebwa na wana wa Ohio.

Kofia juu ya meza

Hadi miaka ya 1970 mashabiki walipata habari za usajili kupitia gazeti la mkoa. Kisha yakaja majarida maalumu, laini za simu za kulipia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma za intaneti zilizompanga kila kijana kwa nyota, kuanzia mbili hadi tano. Nyota hizo zilibadilisha ushabiki. Mtu ambaye hajawahi kumwona kijana akicheza alijua thamani yake, na alijua pia kiasi gani mtani atakuwa amefaidika.

Runinga ikakamilisha kazi. Kijana aliketi mbele ya meza yenye kofia za vyuo vilivyobaki, akaivaa moja, na taifa likamtazama. Mwaka 2011 Cyrus Kouandjio, mzaliwa wa Kamerun aliyesoma Maryland, alitangaza runingani kwamba anakwenda Auburn, iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa taifa. Barua yake haikutumwa. Siku chache baadaye alisaini Alabama, alikokuwa kaka yake Arie. Auburn ilimshangilia kwa siku tatu tu.

Mwaka 2012 kamera zilionyesha kwamba mgawanyiko unaweza kuwa ndani ya nyumba. Landon Collins, mlinzi kutoka Geismar, Louisiana, alitangaza kuichagua Alabama mbele ya LSU, chuo kikuu cha jimbo lake. Mama yake, aliyekaa pembeni yake, alitikisa kichwa na kusema wazi kwamba alitaka LSU. Kwa Louisiana jeraha lilikuwa na kina: kocha wa Alabama, Nick Saban, ndiye aliyeipa LSU ubingwa wa msimu wa 2003 kabla ya kuondoka, na vyuo hivyo viwili vilikuwa vikisubiri fainali ya taifa. Siku nne baadaye, tarehe 9 Januari, Alabama iliifunga LSU 21-0 jijini New Orleans. Collins alikuwa bingwa na Alabama msimu uliofuata, na baadaye akacheza NFL.

Februari 2013 ilileta visa viwili. Reuben Foster, aliyesoma sekondari katika mji wa Auburn, alikuwa ameahidi kwenda Alabama, akageuka kwenda Auburn hata akachora tatuu ya timu hiyo mkononi, kisha Auburn ilipomfukuza kocha wake akarudi Alabama na kusaini huko. Huko Florida, Alex Collins alichagua Arkansas badala ya Miami ya nyumbani. Mama yake, aliyependa abaki karibu, aliondoka na karatasi bila kuisaini. Siku iliyofuata baba ndiye aliyetia saini. Collins alikimbia zaidi ya yadi 1,000 katika kila mmoja wa misimu yake mitatu Arkansas.

Namna mashabiki wanavyolipokea pigo

Visa hivi vikiwekwa pamoja, mwitikio wa mashabiki huonekana kufuata mkondo unaojirudia. Kwanza huja ukanushaji: tetesi ni za uongo, kijana atarudi, barua bado haijasainiwa. Chaguo likithibitishwa, hufuata tuhuma za fedha. Baada ya hapo thamani yake hushushwa, na yule aliyekuwa nyota tano jana leo husemwa kuwa mzito, mvivu au asiyefaa. Mwisho lawama humgeukia kocha wa nyumbani, aliyeshindwa kulinda mipaka ya jimbo lake. Kazi za makocha kadhaa zimetikiswa zaidi na Februari mbaya kuliko na mchezo mmoja uliopotea.

Sehemu mbaya zaidi ni matusi anayotumiwa kijana mwenyewe na familia yake. Kanuni za NCAA zimekuwa zikiwazuia wafadhili na washabiki wa karibu na chuo kushiriki katika kumshawishi mchezaji, na idara za michezo huwakumbusha mashabiki wasiwaandikie vijana wanaosajiliwa. Kanuni hizo ni za haki ya ushindani, lakini zina maana kubwa zaidi ya kibinadamu. Anayelengwa na ghadhabu ya maelfu ya watu wazima ni mwanafunzi wa sekondari aliyepima mambo ya kawaida kabisa: nafasi ya kucheza, masomo, kocha anayemwamini, umbali kutoka kwa wazazi.

Fedha zapata jina lake

Mwezi Julai 2021, siku chache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua dhidi ya NCAA kwa kura 9-0 katika kesi iliyojulikana kama Alston, wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Desemba mwaka huo Travis Hunter, kijana wa Georgia aliyehesabiwa miongoni mwa bora kuliko wote nchini, alivunja ahadi yake kwa Florida State na kusaini Jackson State, chuo cha kihistoria cha watu weusi mjini Jackson, Mississippi. Kocha wake huko alikuwa Deion Sanders, gwiji wa zamani wa Florida State yenyewe. Mashabiki wa Florida State walishtuka kupokonywa na mtu wao. Hunter alimfuata Sanders hadi Colorado na kupata Heisman mwaka 2024.

Novemba 2024 Bryce Underwood, mpigaji pasi namba moja wa daraja lake, aliiacha LSU akachagua Michigan, iliyo karibu na kwao Belleville. Vyombo vya habari viliripoti mkataba wa zaidi ya dola milioni 10. Louisiana ililalamika kuhusu fedha, na Michigan ikafurahi kwamba mtoto amerudi nyumbani. Hoja zilikuwa zilezile za mwaka 1979. Tofauti ni kwamba fedha sasa zilitajwa waziwazi.

Taratibu za zamani nazo ziliondoka. Kipindi cha kusaini mapema mwezi Desemba kilianza mwaka 2017 na kuipunguzia Februari uzito wake. Mfumo wa uhamisho ulioanza Oktoba 2018, na ruhusa ya mwaka 2021 ya kucheza mara moja baada ya kuhama, vilimwezesha mchezaji kuhama hata baada ya miaka miwili au mitatu chuoni, pengine moja kwa moja kwa watani. Oktoba 2024 Barua ya Taifa ya Kusudio ilifutwa baada ya miaka 60. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Katika kila hatua ya historia hii, mamlaka yametoka kwa chuo na jimbo yakaelekea kwa mchezaji. Mwaka 1964 saini moja ilimfunga. Sasa anaweza kuchagua, kulipwa na kuchagua tena. Hasira za mashabiki hazijapungua kwa sababu hazikutokana na barua wala fedha. Zilitokana na imani kwamba jimbo lina haki juu ya kipaji cha mtoto wake, na imani hiyo hurithishwa kila msimu pamoja na rangi za jezi. Mapenzi hayo ndiyo yanayojaza viwanja vya watu 100,000. Yanakuwa ya haki pale yanapobaki ndani ya ushindani wa timu mbili na kumwachia kijana uamuzi wake.